Nyeri, Bandari ya Waliohepa Baridi

Mwambie mtu wa Mombasa kwamba kuna watu waliwahi kuja Nyeri kutafuta joto, uone kama hatakucheka. Kwetu Wakenya Nyeri ni mji wa sweta. Julai ikiingia ukungu unashuka kutoka Nyandarua asubuhi na hauna haraka ya kuondoka, watu wa bodaboda wanavaa koti juu ya koti, na chai inapoa kabla hujamaliza mandazi. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mji huu wa mlimani, ulio zaidi ya kilomita 600 kutoka bahari ya Mombasa, umebeba historia ndefu ya watu waliopanda meli kukimbia baridi ya Ulaya. Na wengi wao walikuja wawili wawili, mume na mke.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na tangu hapo nakula kwa kuandika vitu vya watu wengine: maelezo ya hoteli, matangazo ya safari, vijitabu vya watalii. Ukiandika kuhusu Nyeri kwa muda mrefu, majina ni yale yale. Baden-Powell. Sherbrooke Walker. Elizabeth. Mteja anataka uyataje haraka kisha urukie bei ya chumba. Hapa hakuna mteja, kwa hivyo hebu tuende polepole.

Tuanze baharini, kwa sababu kuja kusini wakati wa baridi si uvumbuzi wa Mzungu. Watu wa pwani wanaijua safari hiyo kwa karne nyingi. Kila mwaka, Desemba, upepo wa kaskazi unaanza kuvuma, na majahazi ya Oman, Ghuba na India yalikuwa yanautumia kuteremka hadi Lamu, Mombasa na Zanzibar. Kabla ya safari jahazi lilitengenezwa kwanza: linavutwa nchi kavu, nyufa zinakalafatiwa kwa pamba, na sehemu ya chini inapakwa deheni ili wadudu wa baharini wasile mbao. Linashuka na tende na samaki mkavu. Linangoja kusi ianze, Aprili hivi, kisha linarudi na boriti za mikoko. Jahazi lilifuata biashara. Meli ninazotaka kuzisimulia zilifuata jua, na hiyo ni tofauti kubwa, maana mtu wa biashara anajua siku ya kurudi.

Januari 1912 meli ya Arcadian iliondoka Uingereza kuelekea visiwa vya Karibi. Ndani yake kulikuwa na msichana wa miaka 22, Olave Soames, akisafiri na baba yake kuepuka baridi ya kwao. Kulikuwa pia na jenerali aliyestaafu, Robert Baden-Powell, karibu miaka 55, ambaye miaka michache kabla alikuwa ameanzisha skauti. Alikuwa amepigana vita vya himaya ya Waingereza barani Afrika, dhidi ya Wandebele na baadaye Makaburu, na sasa alikuwa safarini kukagua vijana wake. Kumbe wote wawili walizaliwa tarehe 22 Februari, ila wameachana miaka 32. Oktoba mwaka huo huo walikuwa wamefunga ndoa. Meli yenyewe haikuishi sana: 1917, katika Vita vya Kwanza, nyambizi ya Ujerumani iliizamisha. Ndoa iliendelea.

Sasa ongeza wenzi wa pili. Eric Sherbrooke Walker aliwahi kuwa katibu wa Baden-Powell. Baada ya vita alitaka kumwoa Lady Bettie Feilding, binti wa Earl wa Denbigh, na hakuwa na pesa ya kulingana na jina hilo. Marekani ilikuwa imepiga marufuku pombe. Walker akaingia baharini, akawa anapeleka pombe ya magendo, na hadithi yake akaitolea kitabu kwa jina la bandia, James Barbican. Walioana 1926, wakaja Kenya, na 1928 wakafungua hoteli ya Outspan hapa Nyeri, kwenye ukingo wa bonde la mto Chania. Outspan ni neno la Makaburu: mahali pa kuwafungua ng'ombe nira baada ya safari. 1932 wakaongeza Treetops, kibanda juu ya mti wa mugumo ndani ya msitu, mgeni alale huku tembo wakinywa maji chini yake. Yaani hoteli maarufu zaidi ya mlima huu ina harufu ya magendo ya baharini, na sijawahi kuona kijitabu kinachosema hivyo ukurasa wa kwanza.

Mwaka 1935 Baden-Powell na Olave walifika Nyeri na kumkuta rafiki yao wa zamani. Mzee alipapenda kupita kiasi. Alimwandikia Walker kwamba kadiri unavyokaribia Nyeri ndivyo unavyokaribia raha yenyewe. Moyo wake ulikuwa umechoka na madaktari walitaka apumzike. Wakakubaliana wajengewe nyumba ndogo ndani ya uwanja wa Outspan, veranda ikitazama Mlima Kenya. Kule Uingereza nyumba yao iliitwa Pax Hill. Hii ya Nyeri wakaiita Paxtu, utani wa maneno: amani ya pili, au amani pia.

Oktoba 1938, kabla majani ya Uingereza hayajamaliza kuanguka, walianza safari. Njia ya meli za wakati ule ilijulikana: unapita Mediterania, unavuka mfereji wa Suez, unateremka Bahari ya Shamu hadi Aden, kisha Mombasa. Ni wiki kadhaa za kukaa kwenye kiti cha sitahani ukiangalia maji yakibadilika rangi, na kila siku unavua nguo moja nzito. Kutoka Kilindini unachukua treni hadi Nairobi, halafu unapanda mlimani. Mtu aliyefunga nyumba yake London angeweza kufika Nyeri na kukuta Januari yetu ilivyo: mchana mkavu wenye jua, mlima uko wazi asubuhi, usiku moto kidogo wa kuni. Kwa mtu aliyezoea theluji hiyo ni peponi.

Lakini peponi pana wafanyakazi. Nyeri ya Waingereza ilianza kama kambi ya askari mwishoni mwa 1902, katika msafara wa kuwapiga watu wa Tetu, na Richard Meinertzhagen alikuwa mmoja wa maafisa wake. Wakati Baden-Powell anafika kulala, kila mwanaume Mwafrika wa zaidi ya miaka 16 alitakiwa kuwa na kipande, karatasi yenye alama za vidole na jina la mwajiri wake, ndani ya kikebe cha chuma kinachoning'inia shingoni. Huwezi kuacha kazi kama mwajiri hajatia sahihi. Ukitoroka, unasakwa. Sasa waweke hao wawili kwenye veranda moja. Mmoja amevuka bahari tatu kwa sababu hapendi Desemba ya kwao. Mwingine anamletea chai, na hawezi kuvuka wilaya bila sahihi ya mtu. Hiyo ndiyo maana ya kusafiri wakati ule, na sidhani unaweza kuelewa raha ya wa kwanza kama humtazami wa pili.

Baden-Powell hakurudi Uingereza. Alifariki Paxtu tarehe 8 Januari 1941, na akazikwa hapa hapa mjini. Jiwe lake lina duara lenye nukta katikati. Kwa skauti hiyo ni alama ya njiani yenye maana rahisi: nimerudi nyumbani. Mwaka uliofuata Olave akarudi Uingereza peke yake, vita vikiwa bado vinachoma bahari. Paxtu haikukaa tupu sana. Baada ya India kupata uhuru 1947, Jim Corbett, mwindaji wa chui na simba-marara wala watu, alivuka Bahari ya Hindi na dada yake Maggie wakaja kuishi humo.

Kisha ikaja meli ambayo haikupandwa. SS Gothic ilikuwa ya kampuni ya Shaw Savill. Mwaka 1951 ilipelekwa Birkenhead, ikapangwa upya ndani na kupakwa rangi nyeupe nje, kwa ajili ya mume na mke vijana: Elizabeth, binti wa Mfalme George wa Sita, na Philip. Mfalme alikuwa mgonjwa, kwa hivyo wao ndio wangemwakilisha, wakienda Ceylon, Australia na New Zealand. Walitoka London tarehe 31 Januari 1952 kwa ndege, katikati ya baridi. Meli ilikuwa Mombasa, inawangoja.

Kabla ya kuipanda walikuwa na siku chache za kupumzika Nyeri. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewapa zawadi ya harusi, nyumba ya Sagana Lodge kando ya msitu wa mlima. Usiku wa tarehe 5 Februari walilala Treetops, Corbett akiwa nao. Usiku huo huo mfalme alifariki kule Uingereza. Asubuhi walirudi Sagana bila kujua, na ni pale Philip alipomwambia mkewe kwamba baba yake hayupo tena. Jioni hiyo waliondoka Nanyuki kwa ndege ndogo hadi Entebbe, kisha London. Meli nyeupe ikabaki Kilindini na vitanda vyake vilivyotandikwa.

Hadithi hii huwa inaishia hapo kwenye vijitabu: alipanda mti akiwa binti mfalme, akashuka malkia. Tamu sana. Ila kalenda haikusimama. Oktoba 1952 serikali ilitangaza hali ya hatari, na msitu ule ule wa wageni kuangalia tembo ukawa maficho ya Mau Mau. Gothic hatimaye ilipata abiria wake, kwenye ziara iliyoanza Novemba 1953. Walipoiacha Aden, Aprili 1954, hawakuja Nyeri. Waliruka hadi Uganda, malkia akafungua bwawa la Owen Falls pale Jinja. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 27 Mei 1954, Treetops iliteketezwa kwa moto na wapiganaji. Nimesoma watu wakiita kitendo kile ushenzi. Nikikumbuka kikebe cha shingoni, naona watu waliojua vizuri kabisa ni nyumba gani wanaichoma.

Na hapa ndipo nataka kuwaleta wenzi wa mwisho, ambao hawakuwahi kuhitaji meli kuja Nyeri. Dedan Kimathi alizaliwa Tetu mwaka 1920. Mkewe alikuwa Mukami. Tarehe 21 Oktoba 1956 Kimathi alipigwa risasi akakamatwa nje ya msitu, akashtakiwa hapa hapa Nyeri mjini, na tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa gereza la Kamiti. Mukami mwenyewe alikuwa mfungwa Kamiti, na aliruhusiwa kumwona mumewe kabla ya siku hiyo. Kimathi alizikwa ndani ya gereza, bila jiwe. Mukami aliishi miaka mingine 66. Alizeeka akiomba kitu kimoja kwa kila serikali iliyokuja: mifupa ya mume wake, amzike. Alifariki tarehe 4 Mei 2023 bila kuipata. Alizikwa Njabini, upande wa pili wa milima ya Nyandarua.

Olave Baden-Powell naye alikuwa mjane kwa miaka 36. Alifariki Uingereza Juni 1977. Kenya ilikuwa huru miaka 13 na zaidi. Majivu yake yaliletwa Nyeri, kaburi likafunguliwa, akawekwa pamoja na Robert. Ilikuwa safari yake ya mwisho ya kuja kusini na hakuna aliyemzuia. Kaburi hilo ni turathi ya taifa. Linatunzwa, lina kibao, na kila Februari skauti wanakuja kuliadhimisha.

Sina ugomvi na kaburi la mume na mke. Wacha walale. Nisemacho ni kwamba nchi hii ilijua namna ya kuunganisha mume na mke kaburini, iliweza kufanya hivyo kwa watu waliokuja kuhepa theluji, na ilifanya hivyo wakati Mukami yuko hai anaomba. Sasa Mukami naye amekwenda, na ombi lake bado liko wazi. Kumzika upya mtu hakuna tarehe ya mwisho. Ukipita Nyeri, nenda uone duara na nukta yake, ni mwendo mfupi kutoka stendi. Soma ile alama ya kurudi nyumbani. Halafu muulize mwenyeji yeyote aliyekaribu nawe Kimathi amezikwa wapi, na usikilize anavyojibu.