Kununua nyumba Gungu: chama hakuna, majirani wapo

Jamaa yangu mmoja aliyeko Marekani ananisumbua nimtafutie nyumba Gungu, Kigoma. Swali lake la kwanza halikuwa bei. Aliuliza kama huko kuna chama cha wamiliki wa nyumba. Anakoishi yeye, chama cha namna hiyo kinampangia rangi ya ukuta na urefu wa majani ya uani. Kuna ada, kuna faini, na ukikaidi sana wanaweza hata kuipigisha nyumba mnada. Amechoka, anataka mahali asipopangiwa na mtu.

Nikamjibu kwamba chama hakuna. Kitu kinachokaribiana nacho hapa kwetu kililetwa na sheria ya mwaka 2008 ya kumiliki sehemu za majengo, nayo ni ya maghorofa ambayo watu wanagawana ngazi na paa. Lakini kusema Gungu hakuna wa kukupangia, hapo nilisita. Nikaanza kuchimba historia, na haya ndiyo niliyoyapata.

Zamani, kabla ya serikali yoyote ya kigeni, Waha na Wajiji walikuwa na mtu anayeitwa mteko. Mwami na watwale wake walitawala watu, ila mambo ya ardhi yalikuwa kwa mteko. Ndiye aliyemwonyesha mgeni pa kulima na pa kujenga, akaamua ugomvi wa mipaka na kufanya matambiko ya ardhi. Hakuwa anauza. Alikuwa anapokea watu. Na wageni huku walikuwa wengi: Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858 waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na Waungwana wameshazoea, na baadaye Wamanyema wakavuka ziwa wakajenga mitaa yao.

Halafu zikaja karatasi. Tarehe 26 Novemba 1895 amri ya Kaisari wa Ujerumani ilitangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Nani alisema haina mwenyewe? Mteko hakuulizwa. Reli ikafika Kigoma mwaka 1914, Wabelgiji wakauteka mji 1916, wakakaa hadi 1921. Waingereza nao, kwa sheria ya 1923, wakaiweka ardhi yote chini ya Gavana, na ilibidi wangoje hadi 1928 ndipo sheria itamke wazi kwamba mwenyeji anayekaa kwa mila naye ana haki. Nyerere aliandika mwaka 1958 kupinga ardhi kufanywa bidhaa, na umilikaji wa moja kwa moja ukafutwa 1963. Tangu hapo, kisheria, ulichoweza kuuza ni maendelezo: nyumba, migomba, kisima. Udongo wenyewe ulihesabika hauna bei! Watu waliendelea kununua na kuuza, wakiandika kwamba wameuziana "nyumba".

Sasa ndugu msomaji, hapa ndipo penye kazi. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma. Familia nyingi za mkoa huu zilihamishwa kutoka kwenye mashamba yao, zikapangwa kwenye vijiji vya ujamaa. Uliyepewa kiwanja ulijenga, ukazaa, ukazeeka hapo. Lakini yule aliyekuwa akilima palepale kabla ya operesheni naye ana wajukuu, na wajukuu wana kumbukumbu. Kwa hiyo kipande kimoja cha ardhi kinaweza kuwa na wenyewe wawili, wote wakweli. Nadhani hili ni kubwa kuliko utapeli tunaoripoti kila siku magazetini, kwa sababu hapa hakuna mwizi wa kumkamata.

Sheria za ardhi za 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001, zilikubali hatimaye kwamba ardhi ina thamani, ingawa yote bado ni ya umma na Rais ni mdhamini. Gungu ni kata ya Manispaa ya Kigoma Ujiji, hivyo utashughulika na mtaa na ofisi ya ardhi ya manispaa. Ukitoka nje ya manispaa ukaingia kwenye ardhi ya kijiji, haki ya kimila haiuzwi kwa mgeni mpaka halmashauri ya kijiji iridhie. Kuna pia baraza la ardhi la kijiji, watu saba, watatu wao wanawake. Na Sheria ya Ndoa ya 1971 inamkataza mume kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mkewe, hata kama jina kwenye karatasi ni la mume peke yake. Vilevile mke kwa mumewe.

Kwa hiyo nilimwandikia jamaa yangu hivi: muhuri wa mwenyekiti usikutulize. Tembea mpaka kwa miguu, na majirani wa pande zote nne wawepo, wazee kwa vijana. Waulize nani alikuwa hapa kabla ya 1972. Uliza dada zake muuzaji wako wapi, maana urithi mwingi unauzwa wakiwa wameolewa mbali. Na ukiona michikichi uani, uliza kila mmoja ulipandwa na nani. Unaweza kuinunua nyumba leo, kesho asubuhi ukamkuta mzee wa watu juu ya mti anakata mikungu ya mawese yake.