Matendegu, Mifumbati na Mbuzi: Samani za Pwani ya Kusini

Kitanda cha kamba kina miguu minne, lakini seremala wa Msambweni, pwani ya kusini ya Kenya, hataiita miguu. Kwake hayo ni matendegu. Miti miwili mirefu ya ubavuni ni mifumbati, na ile miwili mifupi, ya kichwani na ya miguuni, ni vitakizo. Upande wa kulaza kichwa ni mchago. Nafasi ya chini, ambamo kuku huatamia na viatu hupotea, ni mvungu. Hata kazi ya kuzungusha kamba katikati ina kitenzi chake, kuwamba, kilekile kinachotumika kwa ngozi ya ngoma. Ni vipande vinane tu vya mti na furushi la kamba, lakini kila sehemu imebatizwa.

Ukitaka kujua kitu gani kimekaa na watu muda mrefu, sikiliza majina yake. Kiti, kitanda na kigoda ni maneno ya Kibantu. Mdigo, mwenyeji wa pwani hii, kiti hukiita chihi, kwa kuwa sauti ya t katika maneno ya namna hiyo kwake hugeuka h. Sanduku ni neno la Kiarabu. Meza ililetwa na Wareno, pamoja na parafujo ya kuikazia. Kabati na kochi ni za Waingereza. Randa ya kulainishia mbao ni neno la Kiajemi, nalo linajulikana hata India. Karakana ya leo ya Ukunda, yenye kochi upande huu na kabati upande ule, imejaa wageni waliokuja kwa nyakati mbalimbali. Wenyeji wake wa kale ni wachache: kitanda, kigoda na mbuzi ya kukunia nazi.

Kwa karne nyingi watu wengi wa pwani walikaa chini, juu ya mkeka au jamvi, na kiti kilikuwa cha mkubwa. Wareno walipotia nanga Malindi mwaka 1498, mwandishi wa safari ya Vasco da Gama alimwona mfalme wa mji huo amekalia viti vya shaba vyenye mito, juu yake mwavuli mwekundu. Karne kadhaa baadaye mafundi wa Lamu, Pate na Siyu walisifika kwa kiti cha enzi: mgongo mrefu ulionyooka, mikono mipana, ubao wa kuegemeza nyayo, mti mweusi uliopambwa kwa vipande vya mfupa au pembe ya ndovu, na nyuzi zilizosukwa kwenye nafasi za mgongoni na kikalioni. Kiti hicho kimeingia katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, na Lamu yenyewe iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Kwa hiyo anayetafuta habari za samani za Waswahili huelekezwa kaskazini.

Kusini kuna habari nyingine. Huku nako kulikuwa na mamlaka: Madiwani wa Vumba Kuu, karibu na Vanga, ambao afisa wa Kiingereza A. C. Hollis aliandika historia yao mwaka 1900. Kulikuwa na misikiti ya mawe, kama ule wa Kongo kwenye mlango wa mto Mwachema, Diani. Lakini mtindo wa samani uliodumu kati ya Likoni na Vanga haukutoka kwenye majumba ya wakubwa. Ulitoka kwenye shamba la minazi.

Misitu haikuwa mbali. Vilima vya Shimba vina mvule na mbambakofi, miti ambayo mchwa huiacha na ambayo mafundi wa majahazi na milango waliithamini kuliko mingine. Ila sehemu ya misitu hiyo ilikuwa na wenyewe. Kaya Kinondo, msitu wa ekari 75 hivi ulio kando ya hoteli za Diani, hautolewi kuni wala mbao. Wazee wa Kidigo wameulinda kwa miiko. Kinondo ni mojawapo ya kaya za Wamijikenda zilizoingia orodha ya UNESCO mwaka 2008. Shimba nayo ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Seremala wa kawaida alibaki na alichopanda babu yake: mnazi, mwembe, mfenesi.

Kitanda cha kamba kinaonyesha jinsi alivyoitumia miti hiyo. Makumbi ya nazi hufukiwa ufukweni, mahali ambapo maji hupwa na kujaa, yakaachwa miezi kadhaa hadi nyama yake ilainike. Yakifukuliwa hunuka vibaya. Wanawake huyaponda kwa rungu, huyasuuza na kuyaanika, ukabaki usumba, nyuzi za rangi ya dhahabu iliyofifia. Usumba husokotwa kwa viganja, uzi baada ya uzi, hadi uwe kamba. Wengine hupenda kamba ya ukindu au ya miyaa, kwa kuwa haichomi ngozi.

Fremu haihitaji msumari. Ncha ya kila mfumbati na kitakizo huchongwa ulimi unaoingia kwenye tundu la tendegu. Kamba inapowambwa huivuta mifumbati ndani, na kadiri inavyovutwa ndivyo ndimi zinavyobanwa matunduni. Kamba ndiyo godoro, na ndiyo inayoshikilia kitanda kisisambaratike. Ikilegea hukazwa upya; ikikatika hubadilishwa bila kugusa mti.

Mtindo huu una ndugu ng'ambo ya bahari. Msafiri Ibn Battuta, aliyepita Mombasa mwaka 1331 na kusifu misikiti yake iliyojengwa kwa mbao, baadaye alifika India na kuandika juu ya vitanda vya huko: miguu minne, miti minne ya kukingama, na nyuzi za hariri au pamba zilizofumwa katikati. Hesabu ni ileile, vipande vinane. Wahindi hukiita charpai, yaani miguu minne. Bahari ya pepo za kaskazi na kusi ilibeba watu, nguo na viungo kwa zaidi ya miaka elfu, na si ajabu kwamba mafundi wa pande zote mbili walifikia fremu ileile.

Katika vijiji vya Kwale kitanda hicho hakikai chumbani tu. Mchana hutolewa chini ya mwembe kikawa kiti cha wageni. Kinaanikwa juani na kumwagiwa maji ya moto, maana kunguni hupenda maficho ya kamba. Msemo kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake huenda ulitoka kwa watu waliolala juu ya kamba. Hata siku ya mwisho kimetumika: maiti huoshewa juu ya kitanda cha kamba, na chini yake huchimbwa ufuo, shimo la kupokea maji yanayopenya. Godoro la sponji haliwezi kazi hiyo.

Jirani wa karibu wa kitanda hicho ni mbuzi. Anayeiona mara ya kwanza hudhani ni kigoda kilichoota ulimi wa chuma. Ni mbao mbili zilizopishana kama herufi X, moja ndefu ikatangulia mbele, na kwenye ncha yake kimepigiliwa chuma bapa chenye meno mviringo. Mkunaji hukalia ubao, akauzuia usitikisike kwa uzito wa mwili wake, kisha huzungusha kizio cha nazi juu ya meno, na nazi nyeupe iliyokunwa huanguka kwenye sinia. Kazi ikiisha mbuzi hukunjwa na kutundikwa ukutani. Mkunjo huo ni sawa na wa marufaa, kile kiegemezo cha Kurani kinachofunguliwa mbele ya msomaji. Fundi mzuri hutoa sehemu zote mbili kwenye ubao mmoja na kuzifungamanisha kwa meno ya mti wenyewe, bila bawaba. Mbuzi ndiyo kazi ambayo seremala mwanafunzi hupimwa nayo: ikiyumba, mama mwenye nyumba atajua kabla nazi haijaisha.

Karne ya 19 ilileta tamaa mpya. Samadari, kitanda kirefu chenye matendegu ya kukerezwa na nguzo za kutundikia chandarua, kilitoka India kwa majahazi na kikawa fahari ya vyumba vya maarusi wa mijini. Baadhi vilikuwa virefu mno kutoka sakafuni, ikabidi mtu akanyage kigoda kwanza. Kisha ikaja reli kutoka Mombasa hadi Kisumu, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, pamoja na maseremala wa Punjab ambao Wakenya wamezoea kuwaita Kalasinga. Mbao zilizopasuliwa kwa mashine, misumari na vanishi vikawa vitu vya kila duka. Hata msasa ulibadilika: zamani ni mti wenye majani makavu yanayokwaruza, ambayo fundi aliyachuma na kusugulia mbao, leo ni karatasi, lakini jina limebaki la mti.

Mikono mingine ilitoka kusini. Kuanzia miaka ya 1930 Wamakonde wa Msumbiji walivuka kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na ya miwa ya Ramisi, wakaja na ustadi wa kuchonga mpingo. Waliishi Kwale kwa vizazi bila vitambulisho, hadi Oktoba 2016 walipotembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi kudai haki yao. Mwaka uliofuata serikali iliwatambua kuwa kabila la 43 la Kenya. Kumbe wachongaji waliosifiwa na watalii kwa miaka mingi walikuwa, kisheria, watu wasio na nchi.

Watalii wenyewe waliumba mtindo wa mwisho katika orodha hii. Hoteli na nyumba za kifahari za Diani zilitaka samani zenye sura ya pwani, na mafundi wakagundua kwamba mashua iliyochoka ina thamani. Mbao zake zina tabaka za rangi ya buluu, nyeupe na kijani, matundu ya misumari na madoa ya kutu. Zikisuguliwa kidogo tu na kufungwa fremu, hutoa meza isiyofanana na nyingine. Kuna kejeli hapo, kwani mbao ambazo mvuvi aliziona zimekwisha huishia mezani pa mtu ambaye hajawahi kushika kasia. Hata hivyo kazi yenyewe ni ya kitanda cha kamba: kitu cha zamani kinafumuliwa na mti wake unapata maisha mengine.

Hitaji la mbao mbadala limeongezeka. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii, na zuio hilo lilidumu hadi Julai 2023. Kabla ya hapo, kampeni za miaka ya 1990 zilikuwa zimeshawashawishi wachongaji kuacha mpingo na muhugu na kujaribu mwarobaini na mwembe. Mwembe ni rahisi kuchonga lakini dumuzi huupenda usipotiwa dawa. Mnazi mzee uliokoma kuzaa nao unapasuliwa mbao. Hauna pete wala mafundo; una vinyweleo vyeusi vilivyotapakaa kwenye mti wa rangi ya asali. Sehemu ya nje ni ngumu kiasi cha kumaliza makali ya msumeno, na ya ndani ni laini isiyofaa kitu kinachobeba uzito. Anayejua hutumia ganda na kuacha moyo.

Kwa anayefanya useremala kwa mapenzi tu, mwalimu mstaafu au kijana mwenye randa ya kuazima, kiti cha enzi kinavutia macho lakini kitamkatisha tamaa mwezi wa kwanza. Aanze na kigoda cha mwembe, kisha mbuzi, kisha kitanda cha kamba. Kigoda kitamfundisha kusawazisha miguu. Mbuzi itamfundisha kupima mkunjo. Kitanda kitamfundisha ulimi na tundu, na kitampeleka kwa bibi anayejua kuwamba, kwa sababu mafundi wengi wa leo hawajui.

Hapo ndipo hatari ilipo. Samadari na kiti cha enzi vimepigwa picha na kuandikiwa makala za kitaalamu, lakini kitanda cha kamba cha Kidigo huishia kuwa kuni siku kitanda cha futi tano kwa sita kinapoingia nyumbani. Mwenye kitanda cha namna hiyo stoo, Gazi, Tiwi, Mwabungo au kwingineko, asikichome kwanza. Akipime urefu na upana, akipige picha juu na mvunguni, aulize kilichongwa kwa mti gani na kamba ilisokotwa na nani, kisha aandike jina la kila sehemu kama wazee wa nyumba yake wanavyolitamka.