Historia Fupi ya Shule za Umma za Kilosa na Mikumi

Taadhima hii tunaitoa kwa walimu wote waliopata kushika chaki tangu milima ya Ukaguru hata mitaa ya Mikumi, maana historia ya shule za umma za wilaya ya Kilosa, kila inapodurusiwa, hudhihirisha jambo moja: watoto walipofunguliwa mlango waliingia kwa wingi, na faida waliyotoka nayo ilitegemea nani aliyewapokea ndani.

Masomo ya shule yaliletwa kwanza na wamisionari wa Kianglikana, ambao baada ya kutua Mpwapwa mwaka 1876 walijenga kituo Mamboya, katika nchi ya Wakaguru. Kisha Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ilipita Kilosa ikauacha mji na stesheni, na pembezoni mwake mashamba ya mkonge na pamba. Serikali ya Wajerumani ilisomesha wachache kwa haja ya makarani na maakida. Na hata chini ya Waingereza, aghalabu watoto waliobahatika kuingia shule walikomea darasa la nne.

Uhuru ulipopatikana, ubaguzi wa rangi shuleni ulikomeshwa Januari 1962; ada ya shule za msingi ikafutwa mwaka 1973; na Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaazimia kila mtoto mwenye umri wa kusoma awe darasani ifikapo mwaka 1977. Walimu wa kutosha hawakuwapo, hivyo vijana waliomaliza darasa la saba waliitwa, wakafundisha watoto huku wenyewe wakijifunza ualimu kwa redio na kwa masomo ya posta. Na ijapokuwa elimu yao ilikuwa ndogo, ni wao walioibeba amana ya taifa zima. Katika wilaya hii kazi ya kulea walimu imefanywa pia na Chuo cha Ualimu Ilonga, jirani na mji wa Kilosa.

Mikumi, iliyopakana na hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964, ni mji wa barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya na Zambia, na daftari la mahudhurio huko ni shahidi wa maisha yake: jina huandikwa Januari, msimu wa kupalilia nafasi zikabaki tupu, na mzazi ahamapo kufuata kazi au malisho, mwalimu hulipigia jina mstari.

Ada, iliyorudi katika miaka ya 1980, ilifutwa tena ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi mwaka 2002. Shule za sekondari za kata zikafuata, na tangu Januari 2016 elimu ikawa bila ada hadi kidato cha nne. Katikati ya neema hizo, mafuriko ya mto Mkondoa ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliwaacha maelfu bila makazi, na masomo yaliendelea kwa subira kubwa ya wazazi na walimu.

Kuandikisha mtoto ni ahadi, na kumfundisha hata akasoma, akaandika na kuhesabu ndiko kuitimiza. Basi kumbukumbu iliyo bora kwa shule hizi ni kumjengea mwalimu nyumba njema katika vijiji vya mbali, kumlipa stahili zake kwa wakati, na kumpunguzia wingi wa darasa, ili ufaulu uandamane na uandikishaji.