Breki ya Springi: Kwa Nini Tela Lililoegeshwa Hugoma Kutoka

Breki ya springi ni breki inayobana magurudumu kwa nguvu ya springi na kuyaachia kwa nguvu ya upepo. Ndiyo inayolishika tela lililoachwa uwanjani bila kichwa cha lori wala dereva. Ndiyo pia inayomtoa jasho dereva anayekuja kulichukua tela hilo baada ya miezi: amefunga pini, ametia gia, na tela halisogei hata shubiri moja. Istilahi hii inastahili kufafanuliwa vizuri, maana asiyeielewa huharibu mali, na wakati mwingine hupoteza kiungo au uhai.

Kwa ufafanuzi huo sioni mahali panapofaa kuliko Isaka, mkoani Shinyanga. Hapa ipo bandari kavu, karibu kilomita 1,000 kwa reli kutoka Dar es Salaam. Makontena hushushwa kutoka kwenye mabehewa na kupakiwa kwenye malori yanayopita Kahama, Ushirombo, Runzewe na Nyakanazi, kisha kuelekea Rusumo kwa mzigo wa Rwanda au Kabanga kwa mzigo wa Burundi. Katika shughuli za namna hii tela husubiri: husubiri mzigo, husubiri hati, husubiri kichwa kilichopelekwa gereji. Likisubiri siku chache, kuliondoa ni jambo la dakika. Likisubiri masika nzima, linahitaji mtu anayejua anachokifanya.

Breki hii ina majina kadhaa. Maandishi ya ofisini huiita breki ya maegesho. Madereva wengi husema hendibreki, jina lililotoka kwenye magari madogo, ambako dereva huvuta mkono na waya ukakaza breki. Mafundi husema busta, wakimaanisha lile kopo la chuma lililofungwa kwenye ekseli karibu na gurudumu. Majina yote matatu yanaeleweka, ila hakuna hata moja linalomwambia mwanafunzi kinachotokea. Breki ya maegesho inataja kazi na kunyamazia nguvu inayobana. Hendibreki inamfanya mtu aamini kwamba akishusha mkono, gurudumu limeachiwa, na kwenye tela si lazima iwe hivyo. Busta ni jina la chombo, na chombo chenyewe kina breki mbili zinazofanya kazi kinyume. Breki ya springi inataja kinachobana, na ndiyo maana naitetea iwe istilahi ya darasani na ya vitabu vya mafunzo.

Tulitazame kopo hilo kwa ndani. Lina vyumba viwili. Cha kwanza ni cha breki ya mguu. Dereva akikanyaga pedeli, upepo huingia na kusukuma utando wa mpira, utando husukuma fimbo, na fimbo huzungusha mkono unaozitanua lainingi mpaka zikamate dramu. Hapo upepo ndio unaobana. Chumba cha pili kina springi nene iliyokunjwa kwa nguvu nyingi. Chumba kikikosa upepo, springi hujinyoosha na kuisukuma fimbo ileile, lainingi zikakamata dramu. Upepo ukiingia, springi hurudishwa nyuma na gurudumu likawa huru. Kwa kawaida upepo ukifika bar 5 hadi 6, springi huwa imerudi kabisa. Kanuni ya kuweka kichwani ni fupi: springi hubana, upepo huachia. Tela lisilo na upepo limefungwa breki, hata kama hakuna mtu aliyelifunga.

Mwalimu wa fizikia anaweza kuuliza kwa nini tuseme upepo badala ya hewa iliyoshindiliwa. Hoja yake ni ya haki, lakini tairi hujazwa upepo, kompresa hutoa upepo, na breki za lori zimeitwa breki za upepo tangu zamani. Istilahi iliyokwisha kukaa midomoni mwa wanaoifanya kazi haina haja ya kung'olewa.

Kwa nini wahandisi waliamua kukosekana kwa upepo kubane, badala ya kuachia? Jibu lilianzia kwenye reli. Mwaka 1869 Mmarekani George Westinghouse alipata hataza ya breki ya treni iliyotumia upepo kubana. Breki ile ilikuwa na kasoro kubwa: bomba likikatika, treni nzima ilibaki bila breki. Mwaka 1872 aliigeuza. Bomba likawa limejaa upepo muda wote, na upepo ukipungua, breki zikajibana zenyewe. Hata hivyo, behewa la aina hiyo hutegemea upepo uliohifadhiwa kwenye tangi lake, nao huvuja polepole. Ndiyo sababu behewa linaloachwa stesheni hufungwa pia breki ya mkono au kuwekewa kabari. Springi ya tela haivuji. Inaweza kushika mwaka mzima bila kuongezewa chochote.

Reli ya Kati inaujua uzito wa jambo hili. Tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria iliyokuwa ikipanda mlima ilirudi nyuma kwa kasi, breki zikashindwa kuizuia, ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walifariki. Anayelaumu breki ya tela kwa kuwa ngumu aukumbuke msiba huo. Ugumu huo umewekwa kwa makusudi ili mzigo usiondoke peke yake.

Sasa turudi kwenye tela lililogoma. Kabla ya yote, mtu aangalie ardhi. Sehemu kubwa ya Shinyanga ina udongo mweusi wa mbuga, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Tela lililoachwa juu yake wakati wa mvua huzamisha matairi na miguu yake ya mbele. Miguu hiyo ingewekewa mbao tangu mwanzo, isingezama. Kabla ya kugusa breki, tandiboi, yaani msaidizi wa dereva, aweke mawe au kabari za mbao mbele na nyuma ya matairi, maana breki ikiachia tela litakuwa huru.

Hapo ndipo mpira mwekundu huunganishwa. Huo ndio unaopeleka upepo kwenye tangi la tela. Wa njano hubeba amri ya breki ya mguu. Dereva huacha injini ingurume na kutazama mshale wa geji ukipanda. Tandiboi huinama ekseli kwa ekseli na kusikiliza. "Kaka, huyu wa nyuma kulia anavuja," husema, akiwa ameweka kiganja karibu na kopo. Anayejua istilahi huelewa papo hapo: chumba cha springi hakijai, kwa hiyo springi haijarudi, kwa hiyo gurudumu lile bado limefungwa. Pengine mpira wa ndani umechanika, pengine mdomo wa bomba umelegea. Na kama makopo yote yamejaa na gurudumu bado limeganda, basi kutu imezigandisha lainingi kwenye dramu. Dawa yake ni kulisogeza tela taratibu mbele na nyuma kidogo kidogo, na fundi kugonga dramu kwa nyundo huku kabari zikiwa na nafasi ndogo tu.

Kopo likiwa bovu na safari ikiwa haina budi, makopo mengi yana boliti maalumu. Fundi huiingiza kwenye tundu la nyuma ya kopo, huizungusha robo mpaka ishike, kisha hukaza nati kwa spana mpaka springi irudi nyuma. Gurudumu hilo sasa halina breki ya springi. Tela likivutwa, livutwe polepole hadi kwa fundi, na lisiachwe popote bila kabari.

Mambo mawili ni mwiko. La kwanza ni kuliburuta tela lenye magurudumu yaliyofungwa. Matairi husagika upande mmoja, na breki inayosugua njia nzima hupasha dramu joto linaloweza kuwasha tairi moto. La pili ni baya zaidi: kufungua ukanda unaoshika chumba cha springi. Springi iliyomo ni kama upinde uliovutwa; ukanda ukiachia, kifuniko hufyatuka na kinaweza kuua aliye mbele yake. Kopo lenye springi halifunguliwi chini ya mwembe kwa spana na patasi. Hubadilishwa zima.

Yote haya yamo ndani ya jina. Kijana aliyefundishwa breki ya maegesho atatafuta mkono wa kushusha. Aliyefundishwa breki ya springi atatafuta upepo kwanza, kisha ataiheshimu springi. Kwa hiyo nawaomba wakufunzi wa VETA, waandishi wa vitabu vya udereva na wenye kampuni za malori waitumie istilahi hii darasani na kwenye fomu za ukaguzi, na wayaandike maneno manne kwa rangi ubavuni mwa kila tela: springi hubana, upepo huachia.