Dawa Iliyotangulia Sababu

Katika miaka ya 1920, mjini New York, msichana wa miaka 16 alishikwa na homa ya ghafula. Damu ilimpungua, viungo vya upande mmoja vikalegea, akazimia, akafa. Daktari Eli Moschcowitz alipoichunguza maiti aliona mishipa midogo kabisa ya damu imezibwa na vibonge. Alidhani kwamba sumu kali ndiyo iliyofanya uharibifu ule. Ni sumu gani, hakuweza kusema.

Ugonjwa huo, ambao leo huitwa TTP, ni nadra. Amorosi na Ultmann walipokusanya habari za wagonjwa 271 katika mwaka wa 1966, wengi wao walikuwa wamekwisha kufa.

Njia ya wokovu ilitoka mbali. Katika mwaka wa 1914, huko Baltimore, John Jacob Abel na wenzake waliwatoa mbwa damu, wakaitenga plazima, yaani maji ya manjano yaliyomo katika damu, kisha wakawarudishia chembe zake. Katika miaka ya 1970 madaktari waliona kuwa wagonjwa wa TTP waliobadilishiwa damu, au waliotiwa plazima ya watu wazima wa afya, waliweza kupona. Kwa nini? Hapakuwa na aliyejua.

Kutibu bila ya kujua sababu hufanana na kubahatisha. Kinachotenga tiba na bahati ni hesabu ya haki. Madaktari wa Canada waliifanya hesabu hiyo, wakaitangaza mwaka 1991. Wagonjwa 51 walitolewa plazima yao wakapewa ya wengine. 51 walitiwa plazima tu, yao isitolewe. Baada ya miezi sita, katika kundi la kwanza walikuwa wamekufa 11. Katika la pili, 19. Tangu hapo kubadilisha plazima kukawa ndiyo tiba ya kutegemewa.

Sababu ilikuja nyuma. Moake na wenzake walikuwa wameona mwaka 1982 kwamba katika damu ya wagonjwa mlikuwa na minyororo ya protini mirefu kupita kiasi, inayonasa chembe za kugandisha damu. Mwaka 1998 Furlan huko Bern na Tsai huko New York walionyesha kuwa kimeng'enya cha kuikata minyororo hiyo kilipungua mno kwa wagonjwa, na kwamba wengi wao walikuwa na kingamwili za miili yao wenyewe zilizokizuia. Mwaka 2001 kimeng'enya hicho kilitambuliwa kuwa ni ADAMTS13.

Hapo hesabu ya Canada ikapata maelezo yake. Kutia plazima huleta kimeng'enya. Kuitoa iliyo mbovu huondoa kingamwili. Moschcowitz hakukosea sana: sumu ilikuwamo, lakini mtengenezaji wake alikuwa mwili wenyewe. Lau madaktari wangalingoja kwanza waijue, waliopona kabla ya mwaka 1998 wangalizikwa pamoja na swali lao.