Kasi ya maji ndani ya mabomba ya kuzima moto na umuhimu wake

USIKU wa Februari 23, 1991, moto ulizuka katika orofa ya 22 ya One Meridian Plaza, jumba la orofa 38 jijini Philadelphia, Marekani. Wazimamoto walipounganisha mipira yao kwenye mabomba ya jengo hilo, maji yalitoka kwa unyonge kwa sababu valvu za kupunguza shinikizo zilikuwa zimewekwa katika kipimo kisichofaa. Wazimamoto watatu walifariki, na moto ukapanda orofa baada ya orofa kwa zaidi ya saa 18.

Ulipofika orofa ya 30 ulikoma. Huko, vinyunyizio 10 vilivyofungwa darini vilifunguka vyenyewe, na kwa kutumia maji yaliyosukumwa na gari la zimamoto kutoka chini, vikaudhibiti moto uliokuwa umewashinda mamia ya wazimamoto.

Maji hayakukosekana Philadelphia. Kilichokosekana katika orofa za chini ni nguvu ya maji hayo pale yalipohitajika. Hilo ndilo suala linalowashughulisha wahandisi wanapopima kasi ya maji ndani ya mabomba ya vinyunyizio.

Kinyunyizio ni mdomo mdogo wa chuma ambao aghalabu huzibwa kwa kichupa cha kioo chenye kimiminika ndani. Joto likifika kiwango kilichowekwa, mara nyingi nyuzi 68 za Selsiasi, kimiminika hutanuka, kioo hupasuka na maji hutoka. Hufunguka tu vile vilivyo karibu na moto, wala si vyote kwa pamoja kama inavyoonyeshwa kwenye filamu.

Wingi wa maji yanayotoka hutegemea shinikizo. Kinyunyizio cha kawaida cha aina ya K80 hutoa lita 80 kwa dakika shinikizo linapokuwa baa 1. Likishuka hadi nusu baa, hutoa lita 57 tu. Kwa hivyo, mhandisi huanza hesabu zake kwenye kinyunyizio kilicho mbali zaidi, kisha hurudi nyuma bomba kwa bomba hadi kwenye pampu.

Njiani, msuguano baina ya maji na kuta za bomba hula sehemu ya shinikizo, na kadiri maji yanavyokwenda kasi ndivyo hasara inavyozidi. Kwa mfano, lita 300 kwa dakika zikipita katika bomba lenye kipenyo cha milimita 25, kasi yake hufikia takriban mita 10 kwa sekunde. Bomba likiwa la milimita 50, kasi hushuka hadi mita 2.5. Kwa mujibu wa kanuni ya Hazen-Williams, inayotumiwa sana na wahandisi wa fani hii, hasara ya shinikizo katika bomba hilo pana huwa ndogo mara 29 hivi.

Je, iwekwe kasi ambayo maji hayaruhusiwi kuizidi? Hapo ndipo viwango vya kimataifa vinapotofautiana.

Kiwango cha Ulaya cha EN 12845 kinasema kasi isizidi mita 6 kwa sekunde katika valvu, vichujio na vifaa vya kufuatilia mtiririko, na mita 10 kwa sekunde kwingineko. Kiwango cha Marekani cha NFPA 13, ambacho toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1896, hakiweki kikomo cha jumla.

Wanaounga mkono kikomo husema kwamba kanuni ya Hazen-Williams hupungukiwa na usahihi kasi inapokuwa kubwa mno. Aidha, maji yaendayo mbio yakizuiwa ghafla hugonga kama nyundo. Katika bomba la chuma, kila mita 1 kwa sekunde inayokatizwa kwa ghafla yaweza kuzua shinikizo la ziada la baa 10 au zaidi.

Wanaopinga hujibu kwamba kasi hujiadhibu yenyewe. Anayechagua mabomba membamba ili kuokoa gharama ya chuma hujikuta akihitaji pampu kubwa zaidi, kwani hesabu za msuguano zitamfichua. Hoja kwamba kasi hulika mabomba nayo haina uzito mkubwa hapa, kwa kuwa maji ya mfumo huu hukaa kimya miaka mingi na huenda mbio moto unapotokea au wakati wa majaribio tu.

Hata hivyo, pande zote mbili huweka kikomo katika bomba linaloingiza maji kwenye pampu. NFPA 20 hutumia mita 4.57 kwa sekunde pampu inapotoa asilimia 150 ya uwezo wake uliotajwa. Kiwango cha Ulaya ni kikali zaidi: mita 1.8 iwapo maji hutiririka yenyewe kuelekea pampu, na mita 1.5 iwapo pampu huyavuta kutoka chini. Maji yakikimbia mno hapo, shinikizo hushuka, viputo vya mvuke huzuka, na pampu hupoteza nguvu huku mapanga yake yakiharibika.

Nchini Kenya, kanuni za kupunguza hatari ya moto kazini za mwaka 2007 zinataka ukaguzi wa usalama ufanywe angalau mara moja kila miezi 12. Huo ni wakati mwafaka kwa mwenye jengo kumuuliza mkaguzi: je, shinikizo katika kinyunyizio cha mbali zaidi ni baa ngapi? Pampu ilijaribiwa lini? Je, mabomba yameota kutu na kuongeza msuguano? Je, ofisi imegeuzwa bohari ya magodoro, ilhali mabomba ni yale yale?

Swali la mwisho ni zito kuliko yote. Bohari huhitaji maji mengi kuliko ofisi, na maji yakiongezwa maradufu katika bomba lile lile, hasara ya shinikizo huongezeka takriban mara 3.6. Mfumo uliotosha jana huenda usitoshe leo, hata kama hakuna bomba lililoguswa. Kasoro hiyo haionekani kwa macho, na ni heri ifichuliwe na hesabu kabla ya kufichuliwa na moto.