Kulisha na Kukagua Jicho la Mashine: Historia ya Volteji Hasi katika Vihisi vya Mwanga, kutoka Pwani ya Malindi hadi Munuki

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya tatizo ambalo ni dogo kwa umbo lakini zito kwa matokeo: namna ya kujua kwa hakika volteji hasi inayolishwa kihisi cha mwanga. Kwa kuanzia na setilaiti ya SAS-2, iliyorushwa kutoka pwani ya Kenya mwaka 1972, inajengwa hoja kwamba ukaguzi wa volteji hiyo ni sehemu ya kipimo chenyewe. Munuki, mojawapo ya payam za mji wa Juba, inatumika kuonyesha maana ya hoja hiyo kwa sera za ununuzi wa vifaa na mafunzo ya mafundi.

Utangulizi

Kihisi cha mwanga hakifanyi kazi kwa mwanga peke yake. Mwaka 1887 Heinrich Hertz alibaini kwamba mwanga wa urujuanimno hurahisisha kuruka kwa cheche kati ya vipande vya metali. Mwaka 1905 Albert Einstein akaeleza kwamba mwanga hung'oa elektroni kwa mafungu ya nishati. Lakini elektroni zilizong'olewa ni chache mno. Ili zikusanywe na kuhesabiwa, lazima pawepo volteji ya kudumu inayozivuta upande mmoja. Volteji hiyo, ambayo mafundi huiita bayasi, mara nyingi huwa hasi: hushushwa chini ya sifuri ili upande wa kutolea ishara ubaki karibu na kiwango cha ardhi, mahali ambapo ni salama na rahisi kupima.

Miaka ya 1930, watafiti wa kampuni ya RCA nchini Marekani walitengeneza fotomaltiplaya, tyubu ambayo elektroni moja hupiga bamba na kutoa kadhaa, nazo zikapiga bamba linalofuata, hadi moja inakuwa mamilioni. Hapo ndipo tatizo lilipozaliwa. Katika tyubu yenye mabamba 10, ukuzaji hubadilika kwa takriban asilimia 7 kila volteji inapobadilika kwa asilimia 1. Volteji ikiteleza kutoka −1000 hadi −990, kipimo kinapungua kwa kiasi hicho ingawa mwanga haukubadilika. Kifaa hakitoi onyo lolote. Kinaendelea kutoa namba, na namba hizo si za kweli.

Ushahidi wa Pwani ya Malindi

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii mapema. Kuanzia mwaka 1967 Italia ilirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, lililosimikwa baharini kaskazini mwa Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka hapo, ya kwanza iliyokusudiwa kuchunguza eksirei za angani pekee. Ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru.

Kwa mada hii, iliyofuata ndiyo yenye somo kubwa zaidi. SAS-2 iliruka tarehe 15 Novemba 1972 kutafuta miale ya gama. Miale hiyo haikuonwa moja kwa moja: chembe zilizotokana nayo zilitoa mimweko hafifu ya mwanga ndani ya plastiki maalumu, na fotomaltiplaya zikaisoma mimweko hiyo ili kuamua ni tukio lipi lihifadhiwe na lipi litupwe. Kwa miezi karibu saba chombo kilionyesha kwamba miale ya gama ya Njia ya Maziwa hufuata umbo la galaksi hiyo, na kikagundua chanzo kisichojulikana, ambacho baadaye kiliitwa Geminga. Asili yake kama nyota ya mapigo ilithibitishwa miaka ya 1990.

Tarehe 8 Juni 1973 takwimu zilikoma. Kilichoharibika ni ugavi wa volteji ya chini uliokuwa ukikilisha kifaa umeme. Hasara hiyo ilikuwa kubwa, lakini ilikuwa ya wazi: ugavi ulikufa na kazi ikasimama. Kwa mtafiti, ugavi unaokufa ni afadhali kuliko ugavi unaodhoofika polepole, kwa kuwa huo wa pili huacha takwimu zenye sura ya afya. Ndiyo sababu vyombo vya angani vilizoea kutuma, pamoja na takwimu za sayansi, vipimo vya volteji, mikondo na halijoto ya chombo chenyewe.

Kutoka Tyubu hadi Silikoni

Fotodayodi za silikoni ziliposhika nafasi ya tyubu katika vifaa vingi, volteji ilipungua hadi makumi ya volti au chini yake, lakini swali halikuisha. Bayasi ya kinyume huongeza kasi ya fotodayodi na kuiwezesha kupokea mwanga mkali bila kulemewa. Ikipungua, mwanga hafifu unaweza kuendelea kusomwa vizuri huku mwanga mkali ukisomwa pungufu. Kwa hiyo jaribio linalofanywa kwa mwanga hafifu tu laweza kukipasisha kifaa kibovu.

Upimaji nao una mitego yake. Multimita ya kawaida ya mkononi ina ukinzani wa ndani wa megaomu 10. Ikiunganishwa na njia ya bayasi inayopitia rezista ya megaomu 10, itagawana volteji na rezista hiyo: −60 itasomeka −30. Fundi ataona hitilafu isiyokuwepo, na pengine atapandisha volteji hadi kuharibu kihisi. Vilevile, saketi za kidijitali nyingi husoma kati ya sifuri na volti 3.3 tu; volteji hasi ikifikishwa humo moja kwa moja, husomeka sifuri au huiharibu saketi. Ni lazima kwanza igawanywe, kisha igeuzwe au ipandishwe kwa kutumia volteji rejea iliyo thabiti. Rejea hiyo isitoke katika ugavi uleule unaokaguliwa: shahidi hawezi kuwa mtu wa nyumba ya mshtakiwa.

Munuki

Kwa miaka mingi Juba iliishi kwa jenereta na, baadaye, paneli za jua. Novemba 2019 mtambo mpya wa megawati 33 na mtandao uliofufuliwa vilizinduliwa, lakini jenereta na betri havikutoweka. Katika mazingira hayo, kifaa cha maabara au cha zahanati huko Munuki hukabiliwa na mambo mawili kwa pamoja: umeme unaobadilika na joto. Mkondo wa giza wa fotodayodi, yaani ule unaopita hata bila mwanga, huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi. Kifaa kilichosanifishwa katika nyuzi 22 kikitumika katika chumba cha nyuzi 42, mkondo huo huwa mara nne. Bila kumbukumbu ya bayasi na halijoto, hakuna njia ya kutenganisha kosa la ugavi, kosa la joto na hali halisi ya mgonjwa au sampuli.

Hitimisho

Historia hii inatoa mapendekezo matatu. Kwanza, masharti ya zabuni yadai kwamba kila kifaa chenye kihisi cha mwanga kiwe na sehemu ya kupimia bayasi, pamoja na thamani yake sahihi kuandikwa katika mwongozo. Pili, vyuo vya ufundi vifundishe upimaji kwa vyombo vyenye ukinzani mkubwa wa ndani, na vifaa vijaribiwe kwa mwanga hafifu na mkali. Tatu, kwa kuwa Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, istilahi za fani hii zisanifishwe kwa Kiswahili ili ripoti ya fundi wa Juba isomeke Kampala, Nairobi na Dodoma bila utata. SAS-2 ilinyamaza umeme wake ulipokatika. Hatari kubwa zaidi ni ya vifaa ambavyo havinyamazi.